Mama akisafishwa kizazi, afuatiliwe mpaka mwisho

Mama anaanza kutokwa na damu mimba ikiwa na wiki kumi na mbili. Anafikishwa hospitali ya wilaya usiku, anasafishwa kizazi, anapewa antibiotiki na vidonge vya kuongeza damu, na kesho yake kabla ya adhuhuri anaruhusiwa. Kwenye karatasi yake imeandikwa "mimba kuharibika". Kilichotoka tumboni kimeshatupwa shimoni pamoja na makondo ya waliojifungua usiku ule. Hakuna aliyekikagua, na hakuna aliyemwambia arudi lini.

Mara nyingi jambo hili haliachi madhara. Mimba nyingi zinazotoka ni mimba za kawaida zilizoshindwa kuendelea, na damu ikikatika mama amepona. Lakini katika kila mimba elfu moja kuna moja, mbili au tatu ambazo tangu mwanzo hazikuwa mimba za kawaida. Ni mimba zabibu, na baadhi yake hugeuka saratani. Mama mwenye mimba hiyo ndiye tunayemsemea leo.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Saratani inayoanzia kwenye kondo la nyuma ni nadra, na ni miongoni mwa saratani zinazotibika kuliko zote. Mama akifikishwa kwenye dawa mapema, kupona ndiyo kawaida. Kwa hiyo karibu kila mama anayekufa kwa ugonjwa huu hapa Afrika Mashariki amekufa kwa sababu hatukumtambua, au tulimtambua kisha tukamwacha aende zake bila kumfuatilia. Dawa ipo miaka mingi. Kipimo kipo miaka mingi. Kilichokosekana ni mazoea ya kupima.

Ugonjwa wenyewe huanza hivi. Katika mimba zabibu kamili, yai la mama halina chembe zake za urithi, na kromosomu zote 46 zinatoka kwa baba. Mtoto haumbiki. Kinachokua ni kondo peke yake, nalo linavimba na kuwa vifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Katika aina isiyo kamili, kwa kawaida mbegu mbili za baba huingia kwenye yai moja, kromosomu zinafika 69, na huenda kijusi kikaonekana, ila hakiwezi kuishi. Aina kamili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kati ya wanawake 100 walioipata na kusafishwa, 15 hadi 20 hubaki na chembe zinazoendelea kukua, nao huhitaji dawa za saratani. Kwa aina isiyo kamili hawazidi watano.

Kondo limeumbwa lichimbe ukuta wa mji wa mimba na kuifikia mishipa ya damu ya mama, maana mtoto hula kwa njia hiyo. Likiwa zima linajua pa kukomea. Likigeuka saratani linaendelea kuchimba. Ndiyo maana koriokasinoma, iliyo kali katika kundi hili, husafiri upesi kwa njia ya damu: hufika mapafuni kwanza, kisha ukeni, kwenye ini na kwenye ubongo. Ulaya na Marekani Kaskazini hukadiriwa kutokea mara moja katika mimba 40,000 hivi. Karibu nusu ya wagonjwa walitangulia kupata mimba zabibu. Nusu nyingine, na hapa hata baadhi ya wauguzi hushangaa, walitangulia kupata mimba iliyotoka, mimba iliyotunga nje ya kizazi, au mtoto aliyezaliwa salama salimini na sasa ananyonya.

Kwetu hesabu za hospitali za rufaa hutoka kubwa kuliko hizo, lakini tusizitie chumvi. Hospitali ya rufaa hupokea waliozidiwa, na mama aliyejifungulia nyumbani bila shida haingii kwenye hesabu.

Sasa tuje kwenye jambo linaloifanya saratani hii iwe peke yake. Kila chembe ya kondo, iwe nzima au imeharibika, hutoa homoni ya hCG, ileile inayosomwa na kijiti cha kupima mimba. Kwa saratani nyingi daktari hawezi kuanza dawa mpaka akate kinyama na kukipeleka kwa mtaalamu wa patholojia. Hapa si lazima. Ikiwa mwanamke alisafishwa mimba zabibu, hCG yake imekwama au inapanda, na ultrasaundi imeonyesha kwamba hana mimba nyingine, ushahidi umetosha. Tena kukata kinyama kunaweza kuua: uvimbe wa rangi ya zambarau unaoonekana ukeni kwa mama wa namna hii ukichokolewa, damu huwa vigumu kuikamata.

Aliyetufundisha kuifuata namba hiyo mpaka mwisho alilipia. Min Chiu Li, daktari mzaliwa wa China, alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, Bethesda, pamoja na Roy Hertz. Mwaka 1956 walimpa metotreksati mwanamke ambaye koriokasinoma ilikuwa imejaa mapafuni, na uvimbe ukayeyuka. Wakati ule dawa za sindano hazikuwa zimewahi kuponya saratani ya uvimbe iliyokwisha kusambaa mwilini. Li hakuridhika na picha safi ya kifua. Alipima homoni kwenye mkojo, akaiona bado ipo, akaendelea kuwapa wagonjwa wake dawa ingawa kwa macho walikuwa wamepona. Wakubwa zake walimwona mtu anayewatia wagonjwa sumu bila sababu, wakamwondoa kazini. Miaka ilipopita ikadhihirika kwamba wagonjwa wake walibaki wamepona, na wale walioachishwa dawa uvimbe ulipotoweka tu, ugonjwa uliwarudia. Mwaka 1972 Li na Hertz walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo.

Turudi kwetu. Mwanzo wa kumtambua mgonjwa uko kliniki ya wajawazito, na dalili hazijifichi sana. Tumbo ni kubwa kuliko tarehe za mama. Anatapika kupita kiasi. Moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka, kwa kuwa hCG ikifurika huichochea tezi ya shingo. Presha inapanda kabla ya wiki ya 20, na hilo peke yake litoshe kumfanya mkunga amwandikie mama ultrasaundi siku hiyohiyo. Kwenye kioo cha ultrasaundi hakuna mtoto wala mapigo ya moyo. Kuna vitundu vingi vidogo vyeusi vilivyojaa kizazi kizima. Aliyewahi kuonyeshwa mara moja hasahau. Katika nchi tajiri mama hupigwa ultrasaundi mapema kiasi kwamba mimba zabibu huonekana kabla ya dalili hizi kujitokeza. Kwetu wengi huanza kliniki mwezi wa nne au wa tano, tumbo limeshajaa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe ultrasaundi walau moja kabla ya wiki ya 24. Kwa ugonjwa huu hata wiki ya 24 ni kuchelewa.

Kijiti cha mkojo nacho kina hila yake, na tuieleze kwa sababu imeshawapoteza wengi. Ndani ya kijiti kuna kingamwili za aina mbili. Ya kwanza huikamata homoni upande mmoja, ya pili huikamata upande mwingine, na mstari hutokea pale zote mbili zinapoishika chembe ileile ya homoni. Homoni ikizidi mno, kama inavyotokea kwenye mimba zabibu kubwa, kila kingamwili hupata chembe yake ya peke yake, hazikutani, na mstari unafifia au haupo kabisa. Mama ana homoni maelfu kwa maelfu na kijiti kinasema hana mimba. Dawa yake ni maji. Mkojo uleule ukizimuliwa mara kadhaa na kupimwa upya, mstari hujitokeza. Maabara inayopima damu hukumbwa na tatizo hilohilo, na fundi wa maabara akiambiwa kinachoshukiwa atajua kuizimua sampuli. Asipoambiwa, atatoa jibu la mashine lilivyo, wala hatuwezi kumlaumu.

Mtoto hai akiwa tumboni, kazi ni ngumu zaidi. Homoni imeshapanda kwa sababu ya mimba yenyewe. Katika wiki ya nane hadi ya kumi inaweza kufika 100,000 na kuzidi, hivyo namba peke yake haisemi lolote la uhakika. Mara chache sana mimba ya pacha huwa na mtoto mzima upande mmoja na mimba zabibu upande wa pili. Zamani mama wa namna hiyo aliambiwa bila mjadala kwamba mimba itolewe. Mwaka 2002 madaktari wa Uingereza walichapisha taarifa za mimba 77 kama hizo. Kati ya walioamua kuendelea, karibu wawili katika kila watano walipata mtoto hai, na kuendelea na mimba hakukuonekana kuwaongezea hatari ya saratani. Hatari nyingine zipo, za kutokwa damu na presha, na uamuzi ni wa mama akiwa ameelezwa yote. Lakini aelezwe. Kumkatia mtu shauri usiku wa zamu, bila hata kumpeleka kwa bingwa, si utabibu.

Woga wa picha ya kifua nao umepitiliza. Mionzi inayomfikia mtoto kutoka kwenye eksirei moja ya kifua cha mama ni kidogo mno, na hakuna sababu ya kuiahirisha mjamzito anapokohoa damu. Hata dawa za saratani, baada ya miezi mitatu ya kwanza, baadhi yake zimewahi kutolewa mtoto akiwa tumboni. Metotreksati hairuhusiwi katika miezi ile ya mwanzo kwa sababu huharibu kijusi. Mambo haya huamuliwa na mabingwa wakiwa wamekaa pamoja, na wagonjwa wa aina hii ni wachache kiasi kwamba rufaa haitaijaza hospitali yoyote.

Kuna wakati saratani hukaa ndani ya kondo la mimba iliyokomaa, ndogo, ikifanana na pale damu ilipoganda na nyama kufa, jambo ambalo makondo mengi mazima pia huwa nalo. Bila hadubini haitambuliki. Hatudai kila kondo lipelekwe maabara. Hakuna nchi inayoweza kufanya hivyo. Tunadai kondo lisitupwe haraka pale mtoto anapozaliwa amefariki bila sababu kujulikana, mtoto anapozaliwa mweupe kwa kupungukiwa damu, au mama mwenyewe anapokuwa na dalili zisizoelezeka. Saratani ikionekana, mama na mtoto wote wapimwe hCG, kwa kuwa mara chache sana ugonjwa humfikia hata mtoto.

Baada ya kujifungua ndipo uzembe wetu unapokuwa mkubwa. Damu ya uzazi hutarajiwa kukoma kabla ya arobaini au karibu na siku hizo. Mama akiendelea kutokwa na damu arobaini ikiwa imepita, au ikakoma kisha ikarudi kwa nguvu, mara nyingi huambiwa ni hedhi imerudi, ni sindano ya uzazi wa mpango, ni uchafu uliobaki, au ni chango. Anapewa antibiotiki. Anarudi, anasafishwa. Anarudi tena, anaongezewa damu. Koriokasinoma inayofuata mtoto aliyezaliwa salama huwa na matokeo mabaya zaidi kuliko inayofuata mimba zabibu, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba huchelewa kutambuliwa. Mama ana mtoto mzuri mgongoni, nani atawaza saratani ya kondo?

Kifua nacho kina mtego wake. Ukanda wetu una kifua kikuu kingi, kwa hiyo mwanamke akikohoa damu kila mhudumu anajua pa kuanzia: makohozi, kisha picha. Ni sawa. Kosa linakuja pale makohozi yanapotoka safi. Picha inaonyesha mabaka ya mviringo kwenye mapafu yote mawili, tabibu amezoea kifua kikuu, anamwanzishia dawa za miezi sita "tuone". Mwezi wa pili mama amekonda na kupumua ni shida, na wote waliomwona wameridhika kwamba anatibiwa. Swali lililokosekana ni fupi: mimba yako ya mwisho ilikuwa lini, na iliishaje? Likifuatiwa na kijiti cha mkojo, ambacho duka la dawa hukiuza kwa bei ndogo kuliko nauli ya kumfikisha mama hospitali ya mkoa, shaka ingepata pa kushika.

Vivyo hivyo kwa degedege. Mjamzito au mzazi akianguka, magnesiamu salfeti hutangulia, na hatutaki mtu yeyote achelewe kuitoa kwa kusoma makala yetu. Lakini kama presha ni ya kawaida, mkojo hauna protini, na mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, kifafa cha mimba hakiwezi kuwa jibu la yote. Apigwe picha ya kichwa, apimwe hCG.

Tunajua tutakavyojibiwa. Ugonjwa ni nadra, fedha ni chache, wanawake wanakufa zaidi kwa kutokwa damu wakati wa kujifungua na kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hoja ya kwanza ni kweli na hatuipuuzi. Ila gharama tunayoizungumzia ni ipi? Kumpanga mgonjwa kunatumia alama za shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO: umri, mimba iliyotangulia, miezi iliyopita, kiwango cha hCG, ukubwa wa uvimbe, mahali ulipoenea, idadi yake, na dawa zilizoshindwa. Mambo manane, kalamu na karatasi. Jumla ikiwa 6 au chini yake, mgonjwa huanza na dawa moja, mara nyingi metotreksati: sindano nne za msuli, kila moja ikiruka siku moja, zikipishana na vidonge vya asidi ya foliniki, kisha mapumziko ya karibu wiki moja, na mzunguko unaanza upya hadi homoni irudi kawaida, na baada ya hapo mizunguko miwili au mitatu zaidi. Huko ndiko kushika somo la Li. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wodi zetu za akina mama huijua kwa kutibu mimba zilizotunga nje ya kizazi. Wenye alama 7 na kuendelea huhitaji mchanganyiko wa dawa na hospitali kubwa, na hata hao, Uingereza, hupona zaidi ya tisa katika kila kumi. Wa alama ndogo hupona karibu wote.

Wala tusiambiwe kwamba haya ni ya Ulaya tu. Butaro, hospitali iliyo vilimani kaskazini mwa Rwanda, mbali na mji mkuu, ilianzisha kituo cha saratani mwaka 2012 na imekuwa ikiwatibu wanawake wenye ugonjwa huu kwa mwongozo ulioandikwa. Dar es Salaam ina Ocean Road, Kampala ina taasisi yake ya saratani pale Mulago, Nairobi ina Kenyatta. Tatizo haliko kwenye hospitali hizi. Liko kwenye safari ya kutoka wodi ya wilaya hadi kuzifikia.

Katika safari hiyo kinyama ndicho cha kwanza kupotea. Kilichosafishwa kinatakiwa kiwekwe kwenye kopo lenye formalini ya asilimia 10, nyingi kuliko kinyama mara kumi, kiandikwe jina na tarehe, kiende patholojia. Mara nyingi kopo hupewa ndugu alibebe mwenyewe kwenye basi hadi mjini, akalipe huko, arudi baada ya wiki kadhaa kufuata majibu. Ndugu aliyekwisha kuuza mbuzi kulipia damu hatakwenda. Anapofika dirishani mama huambiwa jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha: sera inasema huduma za mjamzito ni bure, lakini yeye mimba imeshatoka, kwa hiyo si mjamzito tena, alipie. Tunaomba wizara ifunge mwanya huu kwa waraka mmoja. Uchunguzi wa kinyama kinachoshukiwa kuwa mimba zabibu, na vipimo vyote vya hCG vinavyofuata, vihesabiwe kuwa sehemu ya huduma ya uzazi. Kopo lisafirishwe na hospitali, kwa njia ileile inayosafirisha makohozi na damu za vipimo vingine.

Halafu kuna kufuatilia. Aliyesafishwa mimba zabibu anatakiwa apimwe hCG ya damu kila wiki hadi irudi kawaida na ibaki hivyo mara tatu mfululizo, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa kulingana na aina yake. Wakati wote huo asishike mimba nyingine, maana mimba mpya hupandisha homoni na kuficha ugonjwa. Vidonge, sindano na vipandikizi vinafaa. Kitanzi kisubiri mpaka homoni irudi kawaida. Mwambie mwanamke aliyepoteza mimba na anayetaka mtoto kwamba asubiri, naye ana mume na mama mkwe wanaouliza kila mwezi, ndipo utaelewa kwa nini wengi hawarudi. Maelezo haya apewe akiwa na mumewe, si akiwa bado ana usingizi wa dawa.

Waingereza walilitatua hili mwaka 1973 kwa daftari. Kila mwanamke mwenye mimba zabibu husajiliwa kitaifa, na ufuatiliaji hugawanywa kwa vituo vitatu tu: Charing Cross jijini London, Sheffield, na Dundee kule Scotland. Mwanamke wa kijijini hasafiri. Hutumiwa vichupa, akatia sampuli ya mkojo au damu, akavirudisha kwa posta, na kituo humwandikia jibu. Asipotuma, hutafutwa. Zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliosajiliwa hawahitaji dawa kabisa. Hugundulika wako salama na maisha yanaendelea. Wachache waliobaki hukamatwa namba inapoanza kupanda, kabla hawajakohoa damu.

Posta yetu haifiki kila kijiji, lakini simu inafika. Tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaomfuata mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatisha dawa mpaka mlangoni kwake. Kumfuata mwanamke mmoja wa mimba zabibu katika wilaya nzima hakuwashindi. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na daftari moja, muuguzi mmoja mwenye jina anayewajibika nalo, na namba ya simu ya bingwa mmoja wa kumpigia. Mashine za kupima kiwango cha hCG ziwekwe walau ngazi ya mkoa na vitendanishi visikatike. Shule za uuguzi na utabibu nazo ziongeze swali la mimba ya mwisho kwenye kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayekohoa damu, anayeanguka degedege au anayetokwa damu bila sababu.

Na wewe msomaji uliyesafishwa kizazi, au mkeo, au binti yako: uliza kilichotoka kilionekana vipi na kimepelekwa wapi. Ukiambiwa ni mimba zabibu, usiondoke bila tarehe ya kurudi. Ukitokwa na damu baada ya arobaini, ukikohoa damu ndani ya mwaka wa mimba, mwambie daktari kuhusu mimba hiyo hata kama hakuuliza, na umwombe kipimo cha hCG. Usiogope kwamba dawa zitakufunga kizazi. Waliopona kwa metotreksati wengi wao huzaa tena. Huombwa wasubiri mwaka mmoja. Na kwa aliyewahi kupata mimba zabibu, uwezekano wa mimba inayofuata kuwa ya kawaida ni kama 98 katika 100.